Msanii na Wingi wa Mawazo: Swali la Deni

Katika uhakiki wa fasihi, ukame wa ubunifu umepewa nafasi kubwa kuliko mafuriko yake. Msanii ambaye kalamu imemkaukia huonewa huruma, na sababu za ukimya wake hutafutwa katika siasa, uchumi, uzee au udhibiti wa dola. Lakini msanii ambaye mawazo humjia kwa wingi kuliko awezavyo kuyaandika haonewi huruma na mtu, aghalabu huhusudiwa. Hata hivyo, kazi za sanaa hufa kwa mafuriko kama zinavyokufa kwa ukame, isipokuwa vifo vya aina hii ni vigumu kuhesabika kwa kuwa marehemu hakupata kuzaliwa.

Suala linalochunguzwa hapa ni la kimaadili zaidi kuliko la kisaikolojia. Namna ya kuyapanga mawazo, kuyaandika daftarini na kuyawekea ratiba ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye kalenda anaweza kulifundisha. Ugumu uko kwingine. Msanii anapolipa kisogo wazo zuri ili ashughulikie jingine, je, ametenda kosa? Na ikiwa ni kosa, amemkosea nani: wazo lenyewe, hadhira, lugha anayoiandikia, au nafsi yake?

Methali ya Kiswahili isemayo kwamba njia mbili zilimshinda fisi hutajwa haraka kila suala hili linapozuka. Inafaa methali hiyo isomwe polepole. Katika ngano inayoisindikiza, fisi alifika njia panda akasikia harufu ya nyama kutoka pande zote mbili. Akatia mguu mmoja njia hii na mwingine njia ile, akaendelea hivyo hivyo hadi akapasuka. Walimu wengi wa methali humlaumu fisi kwa ulafi. Lakini ngano haisemi kwamba harufu moja ilikuwa ya uongo. Nyama ilikuwapo kweli katika njia zote mbili, na pua ya fisi haikukosea. Kosa lake lilikuwa la mwili: alikuwa na mwili mmoja, akautumia kana kwamba ni miwili. Hapa ndipo methali inapomhusu msanii. Wingi wa mawazo yake si dalili ya upotofu wa akili wala wa tabia. Mawazo yake yanaweza kuwa mazuri yote. Mwenye kikomo ni yeye.

Mfano unaotajwa zaidi katika historia ya sanaa ya Ulaya ni ule wa Leonardo da Vinci (1452–1519), na hautajwi bure. Picha za rangi ambazo wataalamu wengi wanakubaliana kuwa ni zake hazifiki ishirini, ilhali madaftari yake yana maelfu ya kurasa kuhusu maji, ndege, misuli ya binadamu, mitambo ya vita, mwanga na kivuli. Mwaka 1481 watawa wa San Donato a Scopeto, karibu na Florence, walimwagiza awachoree picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Alianza, akachora umati wa watu na farasi na magofu, kisha akahamia Milan na kuiacha picha katika hali ya mchoro wa awali. Watawa wale walingoja miaka kumi na mitano, mpaka Filippino Lippi alipowaletea picha nyingine mwaka 1496. Huko Milan kwenyewe, Leonardo alishughulikia kwa miaka mingi sanamu kubwa ya farasi kwa ajili ya ukoo wa Sforza. Kielelezo cha udongo kilikamilika. Shaba iliyotengwa kwa ajili ya sanamu ikageuzwa mizinga mwaka 1494. Na mwaka 1499 askari wa Ufaransa wakakitumia kielelezo hicho kama shabaha ya mishale yao.

Visa hivi viwili vinafanana kwa matokeo, lakini vinatofautiana kimaadili, na tofauti hiyo ni ya msingi. Farasi aliangushwa na vita. Watawa waliangushwa na Leonardo. Palikuwa na mapatano, palikuwa na watu wenye majina na ukuta uliongoja picha. Kwa hiyo sehemu moja ya swali inajibika bila falsafa nyingi: wazo likishageuka ahadi, msanii anadaiwa, na anayedai ni yule aliyeahidiwa. Mshairi aliyekubali kutunga utenzi wa harusi akaishia kutunga jingine lililompendeza zaidi siku ile hana cha kujitetea nacho mbele ya bibi harusi. Ugumu unabaki katika mawazo ambayo hayajaahidiwa kwa mtu.

Kuhusu hayo, Søren Kierkegaard ana neno la maana katika kitabu chake cha 1849 juu ya kukata tamaa. Anaeleza kwamba nafsi ya mwanadamu inahitaji uwezekano na ulazima kwa pamoja. Mtu aliyekosa uwezekano hukosa pumzi. Lakini aliyekosa ulazima naye huangamia kwa namna yake: kila jambo humwonekea kuwa lawezekana, na kwa sababu hiyo hakuna hata moja linalotokea. (Kierkegaard mwenyewe hakuwa mchache wa mawazo. Mwaka 1843 peke yake alitoa vitabu ambavyo mwandishi mwingine angeviita kazi ya maisha, akavitia majina ya waandishi wa kubuni.) Maelezo hayo yanaupambanua utamu wa wazo na ugumu wa kazi. Wazo likiwa bado kichwani halina kasoro. Mhusika wake hajapata kusema neno la kipuuzi, sura yake ya tatu haijazorota, vina vyake havijalazimishwa. Kuandika ni kulishusha wazo kutoka hali hiyo na kuliingiza mahali ambapo litaonekana pungufu. Ndiyo maana wazo jipya huvutia zaidi pale hasa kazi iliyopo inapofika kwenye kona ngumu. Si kila wazo jipya linalomjia msanii ni neema. Mengine ni milango ya kutorokea, na mwandishi mkweli huijua saa ambayo mlango huo hufunguka.

Lakini haitoshi kusema kwamba mawazo mapya ni vishawishi. Leibniz (1646–1716) alifikiri kwamba mambo yote yanayowezekana yana mwelekeo wa kutaka kuwapo, ila mengine hayawezekani pamoja. Kila moja laweza kuwapo peke yake, yote kwa mkupuo hayawezi. Hata Muumba, katika falsafa hiyo, huchagua. Dhana hii, ikiteremshwa kutoka mbinguni hadi kwenye meza ya mwandishi, inaondoa sehemu ya lawama. Wazo lililoachwa halikudhulumiwa, maana ili kuwe na dhuluma lazima kuwe na mdhulumiwa, na kisichokuwapo hakiwezi kushtaki. Mwandishi wa tamthilia akiamua mhusika wake mkuu afe katika onyesho la pili, ameua tamthilia nyingine zote ambamo angeishi. Hawezi kuandika hata ukurasa mmoja bila mauaji ya aina hiyo.

Pengine mjadala ungeweza kukomea hapo kama sanaa ingekuwa jambo la msanii na nafsi yake tu. Kwa mwandishi wa Kiswahili, na wa lugha nyingine za Kiafrika, kuna mdai wa tatu anayesahauliwa katika nadharia zilizozaliwa kwingine. Mdai huyo ni pengo. Mwandishi wa Kifaransa akiacha kuandika riwaya ya kihistoria aliyoifikiria, rafu za Kifaransa hazipungukiwi. Riwaya za namna hiyo ziko tele. Mwandishi wa lugha yenye maandishi machache huona nafasi tupu kila anapogeuka, na kila nafasi tupu humzalia wazo. Wingi wa mawazo yake, basi, hautokani na rutuba ya kichwa chake pekee, bali pia na uchache uliomzunguka.

Maisha ya Shaaban Robert (1909–1962) hayaeleweki vizuri bila kulizingatia jambo hili. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa muda mrefu wa maisha yake ya kazi, akiandika nje ya saa za ofisi. Akatunga mashairi na tenzi, akaandika Kusadikika na Adili na Nduguze, akaandika insha, akaandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad na habari za maisha yake mwenyewe. Katika lugha iliyosheheni waandishi, mtu kama huyo angeweza kuambiwa achague moja abobee. Lakini nani angeandika yale mengine? Alijitwika kazi ya kuonyesha kwamba Kiswahili cha maandishi kinaweza kubeba kila utanzu, na jambo hilo halithibitishwi kwa utanzu mmoja. Wahakiki wamewahi kulalamika kwamba wahusika wake ni vielelezo vya maadili kuliko watu wenye nyama na damu. Lalamiko lina ukweli ndani yake. Ila si haki kulitoa bila kuhesabu alichokuwa akikifanya: alikuwa akijenga nyumba nzima, na mjenzi wa nyumba nzima hana muda wa kuchonga mlango mmoja kwa miaka saba. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968, yeye akiwa kaburini miaka sita.

Hoja ya pengo ina hatari yake. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa, pengo lilipata sauti kubwa zaidi: sauti ya soko. Mtu mmoja aliweza kujikuta akiandika tamthilia, diwani, kitabu cha sarufi, hadithi za watoto na miongozo ya vitabu vya wenzake, yote katika kipindi kifupi. (Mwongozo ni utanzu wa ajabu, ndani yake mwandishi hutumikia mawazo ya mtu mwingine ili asipate nafasi ya kutumikia yake.) Wapo waliofanya hivyo kwa moyo wa kuitumikia lugha, na wapo walioutumia utumishi wa lugha kama vazi la pupa. Kwa msomaji wa nje, makundi haya mawili hayatofautiani sana, na hata kwa mwandishi mwenyewe mpaka wake huweza kufifia. Kuna kipimo kimoja kisicho kamili lakini chenye manufaa. Pengo halizibwi na nusu ya kitabu. Mwandishi anayedai kwamba anaandika mengi kwa sababu lugha inamhitaji, kisha akatoa vitabu vilivyoachwa njiani, amelipa lugha kwa fedha bandia, maana nafasi ile sasa inahesabiwa kuwa imejazwa na hakuna mchapishaji atakayetaka kuijaza tena upesi.

Inafaa kukumbuka kwamba mzigo huu haukuwa hivi siku zote. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi mnamo 1840, alitunga juu ya vita na siasa za Wamazrui, juu ya mapenzi, ukata, wivu, biashara, nyumba na misukosuko ya kila siku. Ukiorodhesha mada zake, utadhani ni za washairi kumi. Wala hakuna dalili kwamba wingi huo ulimlemea. Sababu moja ni ya kifani. Ubeti wa shairi la mishororo minne, wenye mizani kumi na sita kwa kila mshororo, ni chombo kidogo. Wazo likiingia humo asubuhi, jioni limekwisha kusikiwa barazani, nalo halirudi tena kumdai mtunzi. Mashairi hayo yalihifadhiwa na kumbukumbu za watu. Mwalimu Sikujua akayakusanya baadaye katika karne hiyo hiyo akishirikiana na William Taylor, na William Hichens akayatoa kama diwani mwaka 1940, karne moja baada ya mtunzi kufariki. Muyaka hakupata kuwa na shida ya kitabu. Ni kitabu, kwa ukubwa wake na kwa miaka kinayoidai, kinacholigeuza wazo kuwa foleni: moja linahudumiwa, mengine yanasimama nje yakingoja, na kelele zao zinasikika ndani.

Je, mwandishi wa vitabu anaweza kulipata tena jambo lile la Muyaka? Wengine wamejaribu kwa kuzifanya njia za fisi zikutane. Honoré de Balzac (1799–1850), alipokuwa akiandika riwaya ya Père Goriot iliyotoka kama kitabu mwaka 1835, alianza kuwarejesha kwa utaratibu wahusika wa kitabu kimoja katika vitabu vingine, na hatimaye akayaweka maandishi yake mengi chini ya paa moja liitwalo La Comédie humaine. Kuanzia hapo wazo jipya halikumtoa kwenye kazi yake, lilimwongezea chumba. Hata hivyo, orodha aliyoitayarisha mwaka 1845 ilikuwa na majina ya vitabu 137, na makumi kati yake hayakuandikwa. Paa lilikuwa pana kuliko umri wake. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alikwenda upande wa pili. Baada ya riwaya nne katika miaka ya sabini, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), hakutoa riwaya nyingine mpaka Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu viwili vifupi vilivyobeba falsafa, ndoto, dini na visasili katika kurasa chache. Wasomaji wengi waliviona vigumu. Sehemu ya ugumu huo inatokana na uamuzi wa kimaadili kuhusu mawazo: badala ya kulipa kila wazo kitabu chake, Kezilahabi aliyakunja pamoja, akamwachia msomaji kazi ya kuyakunjua. Haki ya kumtwisha msomaji mzigo huo inaweza kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba vitabu hivyo vilikamilishwa.

Wengine huchaguliwa na hali. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliiandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za namna hiyo hiyo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Visa hivi hutumiwa mara kwa mara kuonyesha kwamba dhiki husafisha sanaa, kwamba asiye na karatasi huandika lililo la lazima tu. Hoja hiyo ikataliwe. Ni kweli kwamba uchache wa karatasi hulazimisha uteuzi, lakini mteuzi katika hali hiyo ni mlinzi wa gereza, na yaliyoachwa hayakuachwa kwa hiari. Msanii huru anayeona wivu kwa sababu mfungwa hakuwa na mambo mengi ya kuchagua amesahau kwamba ulazima wa Kierkegaard ni ule ambao nafsi inaukubali, si ule inaofungiwa ndani yake.

Fernando Pessoa (1888–1935) wa Ureno ni mfano mgumu kuliko yote, kwa sababu hauruhusu hukumu nyepesi. Aliyagawa mawazo yake kwa watu wa kubuni, kila mmoja na jina, wasifu na mtindo wake: Alberto Caeiro, Ricardo Reis, Álvaro de Campos na wengine wengi. Alipokufa, alikuwa amechapisha kitabu kimoja tu cha mashairi kwa Kireno, Mensagem (1934), mbali na vijitabu vya Kiingereza na mashairi yaliyotawanyika majaridani. Aliacha sanduku lenye zaidi ya karatasi 25,000. Kutoka humo ndimo ilimotoka kazi ambayo leo wengi huiona kuwa kilele cha nathari yake, Livro do Desassossego, iliyochapishwa mwaka 1982 kutokana na vipande visivyo na mpangilio, na kila mhariri tangu hapo ameupendekeza mpangilio wake. Kwa kipimo cha pengo kilichotajwa juu, Pessoa alishindwa: hakukamilisha. Kwa kipimo cha msomaji, aliacha utajiri. Pengine inabidi kukiri kwamba kutokamilisha nako kwaweza kuwa umbo, pale ambapo wazo lenyewe ni la nafsi iliyopasuka vipande. Lakini sanduku lile liliwatwika watu wengine miongo ya kazi, watu ambao Pessoa hakuwaomba, na kufaulu kwao hakumpi mwandishi mwingine ruhusa ya kutegemea kwamba naye atapata wahariri wavumilivu namna hiyo. Msanii wa Afrika Mashariki anayeacha sanduku anajua kwamba mchwa huwahi kabla ya mhariri.

Imebaki njia moja isiyosemwa sana, labda kwa sababu inagusa fahari ya umiliki. Nikolai Gogol alisema mwenyewe kwamba kisa cha Mkaguzi Mkuu, tamthilia yake ya 1836, na kile cha Roho Zilizokufa (1842) alipewa na Aleksandr Pushkin. Pushkin alikuwa na visa vingi kuliko miaka, na mawili aliyompa rafiki yake yaliangukia mikono iliyoyafaa kuliko yake. Fadhila hiyo haikumwokoa Gogol na balaa yake mwenyewe, kwani mwaka 1852 aliichoma moto sehemu ya pili ya Roho Zilizokufa, akafa siku chache baadaye. Lakini sehemu ya kwanza ipo. Ikiwa msanii anadaiwa chochote na wazo asiloweza kuliandika, basi anadaiwa hiki: kulitafutia mtu.

Katika ushairi wa Kiswahili jambo hili halikuhitaji urafiki wala hisani, kwa kuwa lilikuwa sehemu ya fani yenyewe. Katika kujibizana, mtunzi hutupa swali au fumbo kwa vina vyake, na mwingine, pengine asiyemjua, hulidaka na kulipeleka mahali ambapo mtupaji hakulitazamia. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, lilitoa nafasi kwa malumbano ya aina hiyo baina ya watu wa miji iliyo mbali mbali. Hata zamani zaidi, katika uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka alitupiana beti na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu. Kila mmoja alikuwa adui wa mji wa mwenzake, na kila mmoja alimhitaji mwenzake ili wazo lililoanzwa na mmoja lipate ubeti wa pili.